Siki na Mama Mkwe wa Daktari

Msichana wa keshi katika supamaketi moja hapa Kitengela alinitazama, akazitazama chupa nilizopanga mbele yake, kisha akanitazama tena.

"Mum, uko na hoteli?"

"Hapana."

"Sasa hii vinegar yote ni ya nini?"

Nikamwambia ukweli. Mimi ni nesi, na siki hiyo ni ya kupima saratani ya mlango wa kizazi, na kama yeye ameshapita miaka ishirini na mitano basi aje nimpime. Watu waliokuwa nyuma yangu kwenye foleni wakaanza kukagua vikapu vyao. Msichana alimaliza kazi yake bila kuinua macho. Lakini wiki iliyofuata alikuja kliniki na rafiki yake, na hata kabla ya kuketi akauliza, "Sista, kwa nini siki? Kwa nini si maji?"

Ninawaandikia nyinyi vijana mnaoingia kazi hii kwa sababu ya maswali kama hilo. Mimi nimestaafu. Magoti yamechoka, macho yanataka miwani mbili, lakini udaku wa kutaka kujua kwa nini watu wanafanya wanavyofanya haujastaafu, na sidhani utastaafu. Yule msichana nilimjibu hivi: unapaka siki, unasubiri dakika nzima bila haraka, na mahali palipoanza kuharibika panageuka peupe. Palipo pazima hapabadiliki. Akauliza kwa nini panageuka peupe. Hapo ikabidi niende nikasome, na nyinyi pia nawaacha mkasome.

Jambo moja tu kuhusu siki: soma kibandiko cha chupa. Ikiwa kali mno inamchoma mama wa watu, na ikiwa imechujuka haikuonyeshi kitu, utamwambia yuko sawa kumbe wewe ndiye hukuona.

Aliyenifundisha kupima alikuwa nesi mzee, mkali kama pilipili, ambaye sasa ni marehemu. Kabla hajaniruhusu kushika kifaa chochote aliniamuru nipande kitandani nilale chali, miguu juu, kama mgonjwa. Halafu akaenda kunywa chai. Aliporudi akaniuliza nimeona nini. Nikamwambia nimeona utando wa buibui darini, nimeona kwamba mlango ukifunguliwa watu wa kwenye benchi wananiona mimi kabla ya kumwona nesi, na tena miguu yangu imeshika baridi.

"Haya," akasema. "Toa utando, geuza kitanda, tafuta soksi. Ukimaliza uje tuanze somo."

Kile chuma cha kupanulia njia ya uzazi, ambacho akina mama hukiita mdomo wa bata, kipitishe kwenye maji ya uvuguvugu kwanza. Asubuhi ya mwezi wa saba huku kwetu Kajiado chuma hakina huruma. Na usikifiche chini ya kitambaa kama mwizi. Mpe mama akishike, akifungue na kukifunga, acheke. Mtu hawezi kukiogopa sana kitu alichokwisha kukicheka.

Siku hizi mambo yamebadilika. Mama anapewa kijiti chenye pamba, anaingia nyuma ya pazia, anajichukulia sampuli mwenyewe, na maabara wanatafuta kirusi chenyewe, kile cha HPV ambacho hukaa mwilini kimya miaka mingi kabla hakijaleta balaa. Wenzangu wengine wa zamani walinuna wakisema kazi inachukuliwa na vijiti. Mimi nilifurahi sana. Nimeona akina mama wengi waliokataa mdomo wa bata wakikubali kijiti kwa furaha, na zaidi ya hayo yote ipo sasa chanjo ya wasichana kuanzia miaka kumi. Zilikuwa dozi mbili, sasa tumeambiwa moja inatosha. Kama mngejua wagonjwa niliowashika mkono miaka ile, mngejua kwa nini naiita bahati.

Hapa Kitengela shida yetu haikuwa uoga. Akina mama wengi wa hapa ni wapangaji, watu wa kutoka magharibi kama mimi, wanaondoka kwenda kazini Nairobi kabla jua halijachomoza na kurudi kusonga ugali. Kliniki yetu ya saratani ilikuwa Jumanne. Nilimkamata jirani yangu mmoja kwenye ngazi nikamwuliza kwa nini haji, na hajui habari hizi?

"Sista, information niko nayo yote kwa simu," akaniambia. "Chenye sina ni Tuesday."

Tukahamishia kliniki Jumamosi, tukaanza kuwafuata kwenye chama chao cha kuweka akiba, na wakaja. Basi nikajiona nimeshajua siri ya kazi hii: tafuta siku yao, utawapata. Ndipo tukaenda Oltepesi, kule kwenye barabara ya kwenda Magadi, ambako Jumanne zilikuwa tele na bado hakuingia mtu.

Timu yetu ilikuwa ndogo. Mimi wa kupima, na daktari wetu kijana, Lekishon, wa kutibu kwa mashine yale madoa meupe ambayo mimi ningeyaona. Kwa kweli alikuwa klinikal ofisa, lakini huku kila mwenye koti jeupe ni daktari. Lekishon ni Mmaasai wa hapa hapa Kajiado, na mkewe, Naserian, alizaliwa kwenye maboma ya karibu na Oltepesi. Ofisini tulipongezana kweli kweli. Tumepata mtu anayejua lugha, anayejua watu, na hata ameoa huko. Tulitaka nini tena?

Kule tulipokewa na Nashipai, mhudumu wa afya wa jamii, mwanamke mwenye miguu ya kutembea na macho ya kuona kila kitu. Aliniamkua, akanivuta kando kabla sijashusha mizigo.

"Kuna mama mmoja anatoka damu," akasema. "Na aliachana na mambo ya mwezi kitambo sana. Huyo, Sista, usiache aende."

"Ni nani?"

"Ni mama ya Naserian. Mama mkwe ya daktari wenu."

Ile damu ilinishtua, kwa maana mwanamke aliyekoma hedhi kisha akatoka damu si jambo la kungoja. Lakini pia nilifurahi. Nikasema, mama mkwe wa daktari mwenyewe, huyu atakuwa wa kwanza kuingia.

Tulikuwa tumeazimwa kanisa la mabati. Tukafunga kamba, tukatundika shuka mbili nyekundu zikawa pazia. Akina mama walifika wengi, wakanywa chai, wakapimwa presha, wakanusa siki na kuulizana kama tumekuja kupika. Mama Naserian nilionyeshwa: mrefu, mwembamba, ameketi mbali kabisa karibu na tangi la maji, ametupa mgongo. Kisha Lekishon akatokeza mlangoni na koti lake jeupe, akawakaribisha kwa Kimaa safi, maneno mazuri kuliko yote niliyowahi kusikia daktari akiyasema.

Akina mama wakatazama chini. Wengine wakajifunika shuka kichwani. Mmoja akakumbuka mbuzi, mwingine akakumbuka mtoto, wakaondoka kwa adabu mmoja mmoja mpaka uwanja ukabaki na vikombe. Mama Naserian alimwachia Nashipai kibuyu cha maziwa ya wageni, akaenda zake bila kugeuka.

Njiani kurudi, tukipanda mlima kuelekea Kiserian, kila mtu alikuwa na maelezo yake. Ni uoga. Ni waume zao. Ni harufu ya siki. Mimi nikasema hatukueleza vizuri. Lekishon alitazama nje ya dirisha, hakuchangia neno.

Mara ya pili tulienda na kipaza sauti na picha kubwa. Lekishon alieleza vizuri zaidi. Wakaondoka haraka zaidi. Mama Naserian alikuwa hapo tena, penye tangi lile lile, na safari hii niliona alivyokuwa akiketi kwa kuegemea upande mmoja kama mtu mwenye maumivu. Mtu hatembei jua lote lile mara mbili kwa sababu hataki kupimwa. Alitaka. Sasa nini kilikuwa kinamzuia? Swali hilo lilinikera kama punje ya mahindi kwenye jino.

Nikamfuata Nashipai alipokuwa anaosha vikombe. "Niambie ukweli. Ni mimi? Ni siki? Ni nini?"

Nashipai alifunika mdomo akacheka mpaka mabega yakatikisika. "Sista, kwenu mama mkwe anavua nguo kwa nyumba yenye mkwe ako ndani?"

"Lakini anayepima ni mimi."

"Na yeye ako wapi? Ako kwa hiyo nyumba. Sauti yake ndio inawaita. Na si yule mama peke yake. Daktari alipooa hapa, hawa wote wa umri ya mama ya Naserian wakakuwa Paker wake."

Akanieleza. Mwanamume akioa, humpa mama wa msichana kondoo jike, na tangu siku hiyo hawaitani majina. Wanaitana Paker, kwa ajili ya yule kondoo. Hawali pamoja, hawashikani mikono, mmoja akiingia mahali mwenzake hutafuta njia ya kutoka. Heshima hiyo wenyewe wanaiita enkanyit, nayo haivuliwi kwa sababu mtu amevaa koti la hospitali.

Mimi nami nikakaa chini nikacheka, maana mimi ni Mbukusu! Kwetu Bungoma mama mkwe na mkwe wakikutana njiani, mmoja anaingia kwenye mahindi. Marehemu mume wangu aliwahi kushuka kwenye gari la abiria, mvua ikinyesha, kwa sababu mama yangu alipanda. Nililelewa ndani ya jambo hili hili, na bado sikuliona, kwa kuwa nilipomtazama Lekishon niliona daktari. Wale akina mama walimwona mkwe.

Nilimkuta Lekishon nyuma ya gari, anafunga masanduku.

"Ulijua," nikamwambia.

"Nilijua, Sista."

"Na ukanyamaza?"

"Nilidhani koti itanifunika. Na ningeambia ofisi nini? Kwamba clinic imekataa juu ya mama mkwe? Wangenicheka." Akaliacha sanduku. "Ni mimi niliomba tuletwe hapa. Naserian aliniambia juu ya hiyo damu. Mimi siwezi muuliza. Siwezi hata mwangalia vizuri nione kama amekonda. Sasa nifanye nini, Sista? Nimwache akufe na heshima yake?"

Vitabu vyetu vinafundisha kumheshimu mgonjwa. Havifundishi cha kufanya wakati heshima na ugonjwa vimekaa mlango mmoja. Lakini nilifikiri kwamba desturi yenye kanuni kali namna hii lazima iwe pia na kanuni za kupita pembeni, vinginevyo watu wasingeweza kuishi. Nikamrudia Nashipai na swali moja: Lekishon akae umbali gani ndipo ahesabike hayupo?

"Asionekane," akasema Nashipai, "na asisikike."

Safari ya tatu tukamshusha Lekishon kwenye josho la ng'ombe, ng'ambo ya kilima, akawapime wazee presha na kuwaeleza habari za chanjo. Mashine ya kutibu nilikuwa nimejifunza kuitumia. Nashipai akasimama uwanjani akatangaza kwamba mkwe hayupo, kwamba aliyebaki ni mimi, Mbukusu mzee asiye mkwe wa mtu yeyote hapa. Wakacheka, na wa kwanza kuinuka alikuwa yule wa penye tangi.

"Takwenya," nikamwamkua.

"Iko," akaitikia, na moja kwa moja akaniomba kile chuma akione. Akakifungua, akakifunga, akamwambia Nashipai kitu kwa Kimaa.

"Anauliza taa yako inaona mpaka wapi."

"Mpaka mlangoni tu. Ndani siingii bila hodi."

Akalala, nikawasha taa. Nilikiona kidonda mara moja, na kilipoguswa kidogo tu kilitoa damu. Chupa ya siki sikuifungua. Mkiona kitu kama kile msipake chochote, msijaribu kutibu. Kazi yenu ni kumfikisha kwa wenye uwezo, upesi. Nilimsaidia kuketi, nikamwambia bila kuzunguka kwamba kuna kidonda, sikipendi, na kinatakiwa kukatwa kipande kidogo kiende maabara.

Akauliza kama kinaua.

"Kikiachwa, ndiyo. Kikiwahiwa, watu wengi wanapona."

Nilimwogopea. Halafu akauliza kama binti zake nao wanacho. Nikamwambia hilo hatuwezi kulijua mpaka waje, na kwamba kwa wajukuu ipo chanjo, hawatakiwi kufika hapa alipofika yeye. Akatoka nje akasema na wale akina mama. Sijui alisema nini, lakini siku hiyo sikupata nafasi ya kunywa chai.

Lekishon naye huko joshoni alibanwa. Mzee mmoja alitaka kujua kwa nini wasichana peke yao, na kwa nini wangali wadogo. Kabla hajajibu, mzee mwingine akadakia: ile sindano ya kuzuia ng'ombe kutupa mimba, nani anachanjwa? Ni mitamba, na ni kabla hawajapandwa. Ukichelewa umechelewa. Basi wakaanza kumhoji Lekishon kama wanavyomhoji mtu wa mifugo, dawa inakaa kwenye barafu kiasi gani, ikipata joto inaharibika, mkono utavimba? Wale waliokuwa wamesikia kwamba chanjo inafunga kizazi walijibiwa na wenzao. Nilipomsimulia Nashipai mfano huo wa mitamba alikunja uso akasema yeye si ng'ombe, kisha akaenda kuutumia shuleni.

Majibu ya Mama Naserian yalikuwa tuliyoyaogopa, ila saratani ilikuwa bado mahali pa kutibika. Niwaambie mapema ili msihangaike: yuko hai, na huenda kuangaliwa kila anapoitwa. Lakini wakati ule alihitaji matibabu ya mionzi Nairobi, siku baada ya siku, kwa wiki kadhaa, na kutoka Oltepesi haiwezekani. Nyumba ya karibu aliyokuwa nayo ilikuwa ya binti yake hapa Kitengela. Nyumba ya binti yake ni nyumba ya Lekishon, na mama mkwe halali hapo.

Akalala kwangu. Chumba nilikuwa nacho, na mtu wa kunieleza desturi sikumhitaji tena. Naserian alikuwa akija asubuhi kumsindikiza hospitali kwa gari ambalo Lekishon alilitafuta na ambalo aliliendesha mtu mwingine. Kila jioni Lekishon alifika nyuma ya ukuta wangu, akanipigia simu ingawa tulikuwa hatua chache tu.

"Amekula?"

"Amekula uji."

"Ametapika?"

"Mara moja. Nenda ulale."

Mama Naserian, akiwa ndani, alijifanya hasikii. Lakini nilimwona akitega sikio kila saa ile ilipofika, na siku ambayo Lekishon alichelewa, alinionyesha simu yangu kwa kidole.

Mjukuu wake Nasieku, msichana wa Lekishon, alizoea kuja baada ya shule kumkanda miguu. Siku moja, matibabu yakielekea mwisho, nilisikia bibi anamwuliza kitu na mtoto anajibu kwa sauti ndogo. Naserian akanitafsiria akiwa ameinamisha uso: bibi ameuliza kama amechanjwa, na mtoto amesema baba amesema wangoje. Mganga hajigangi. Lekishon, aliyewajibu wazee wote wa josho, alikuwa akingoja ndugu zake wakubali.

Jioni hiyo simu yangu ilipolia, Mama Naserian aliinuka. Alikuwa dhaifu, akashika ukuta mpaka dirishani, akatazama upande mwingine kabisa kama anazungumza na kuku wangu, akasema kwa sauti iliyovuka ukuta. Alisema Kimaa, na Naserian alinieleza baadaye. "Nimefunua mwili wangu mbele ya watu nisiowajua, kwa sababu ya ugonjwa huu. Kuna mtu anaujua kuliko mimi, na bado anangoja. Anangoja nini?"

Simu ilikuwa sikioni kwangu. Lekishon akaikata.

Jumamosi alimleta Nasieku kliniki. Nilimchanja mimi, kwenye bega la kushoto, na bibi yake alikaa upande wa kulia amemshika mkono. Lekishon asingeweza kuingia, kwa kuwa Paker alikuwa ndani, akabaki nje kando ya ukuta akingoja mtu wa kumpa habari. Nikatoka.

"Amechanjwa," nikamwambia. "Hakulia. Na Paker anasema ashe oleng."

Alinitazama kama mtu ambaye hajasikia vizuri hiyo asante sana.

"Amesema hivyo yeye mwenyewe?"

"Yeye mwenyewe."